Lita Ngapi kwa Sekunde? Maji ya Mvua na Wajibu wa Mwenye Kiwanja

Paa lenye mita za mraba 200 likinyeshewa mvua ya milimita 50 hukusanya lita 10,000 za maji, ujazo wa boza zima. Mvua ya kiasi hicho si muujiza katika miji ya pwani yetu. Masika yakikolea, inaweza kushuka yote kati ya alasiri na magharibi. Nyumba ilipokuwa bado ni uwanja wa majani, mchanga ulikunywa sehemu kubwa ya maji hayo na yaliyobaki yakaondoka polepole. Bati halinywi. Maji yote hushuka, hupita juu ya pevingi ya uani, hutoka getini na kuanza kutafuta njia. Kila nyumba ya mtaa hufanya vivyo hivyo, saa ileile.

Anayejenga adaiwe nini kuhusu maji hayo? Sheria za nchi mbalimbali zimelijibu swali hili kwa masharti ya ngazi tatu. La kwanza linasema: usijenge katika njia ya maji. La pili: ondoa maji yako bila kumdhuru jirani. La tatu: kiwanja chako kikishajengwa kisitoe maji kwa kasi kubwa kuliko kilivyokuwa kikitoa kabla. Afrika Mashariki tumeliandika vizuri sharti la kwanza, la pili tumewaachia mafundi na ugomvi wa majirani, na la tatu husikika zaidi kwenye semina kuliko kwenye vibali vya ujenzi. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba pasipo sharti la tatu, tena lenye namba inayopimika, fedha zinazomiminwa kwenye mitaro na madaraja zitaendelea kuyakimbiza mafuriko yanayozalishwa kila siku huko juu, viwanjani.

Hesabu iliyo nyuma ya mafuriko

Wahandisi wa maji wana kanuni ya zamani. Ilianza Ireland katikati ya karne ya 19, na mwaka 1889 mhandisi Emil Kuichling akaieneza Marekani. Inasema kwamba wingi wa maji yanayotoka eneo fulani kwa sekunde unategemea mambo matatu: ukubwa wa eneo, ukali wa mvua, na kigawo kinachoonyesha ni sehemu gani ya mvua hutiririka badala ya kuzama. Kwa udongo wa kichanga wenye majani, kigawo huwa kidogo, mara nyingi chini ya 0.3. Kwa bati, zege na lami hukaribia 0.9.

Chukua kiwanja cha hekta moja, kama kinavyotosha kwa maghala au mtaa mdogo wa nyumba za kupangisha. Kikiwa na majani, kwa kigawo cha 0.25 na mvua yenye ukali wa milimita 80 kwa saa, kitatoa takribani lita 56 kwa sekunde. Funika asilimia 80 yake kwa mabati na zege, uache asilimia 20 tu ya majani. Kwa mvua ileile kitatoa lita 171 kwa sekunde, yaani mara tatu. Mvua ikidumu nusu saa kwa ukali huo, tofauti inafika mita za ujazo 207, zaidi ya maboza 20 ambayo mtaro wa chini haukuwahi kuyapokea.

Lakini wingi ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni muda. Maji yanayopita kwenye majani huchelewa, yanayopita kwenye bomba na zege hukimbia. Zamani maji ya kilima cha juu yaliufikia mto baada ya yale ya bondeni kuwa yameshapita. Baada ya ujenzi, yote hufika pamoja. Ndiyo maana wazee wa mabondeni husema kwamba mvua ni ileile ila maji si yale. Mara nyingi wanasema kweli, hata kabla hatujaanza kuzungumzia mabadiliko ya tabianchi.

Hesabu hii pia inaeleza kwa nini lawama yote kumtupia mkazi wa bondeni ni nusu ya ukweli. Aliyejenga bondeni Jangwani, Dar es Salaam, amejiweka kwenye hatari, na sheria inamwona. Aliyefunika kiwanja chake chote kwa pevingi huko Kimara, Ubungo au Tabata ameongeza maji yanayomfikia wa Jangwani, na kwa kawaida sheria haimwoni.

Tulivyo hodari wa mita 60

Tanzania haina upungufu wa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari, shughuli za binadamu ambazo ni za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira hayo. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 inamtaka anayeendeleza ardhi ya mjini kupata idhini kwanza. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005, zilizorekebishwa mwaka 2018, zinaipeleka miradi mikubwa kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, kabla ya jembe kugusa ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaiweka mito chini ya bodi za mabonde, na mito ya Dar es Salaam iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Kenya nayo ina Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 na kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, ambazo zinalinda ukingo wa mto kwa upana wa kati ya mita 6 na 30. Upana huo umezua mabishano yasiyokwisha juu ya mita zianzie wapi, kwenye maji ya kiangazi au ya mafuriko. Agosti 2018 serikali ilibomoa majengo ya biashara Nairobi yaliyodaiwa kukalia kingo za mito, yakiwemo South End Mall na Ukay Centre. Kilichowashangaza wengi ni kwamba majengo ya aina hiyo yalikuwa yamesimama kwa miaka, na baadhi ya wamiliki walisema wana vibali vilivyotolewa na mamlaka.

Mita 60 au 30 ni sharti jema. Ni rahisi kueleweka, fundi mwenye futi kamba anaweza kulikagua, na linaokoa maisha. Desemba 2011, mvua kubwa kuliko zote zilizowahi kunyesha Dar es Salaam tangu mwaka 1954 iliua watu zaidi ya 40, wengi wao mabondeni, na serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande. Hata hivyo sharti hili lina mipaka miwili. Linaangalia mahali mto ulipo leo, ilhali mto hupanuka kila kilima kinapofunikwa. Na linamhusu aliye karibu na mto peke yake, ilhali maji ya mto yanatoka kwenye viwanja ambavyo vingi viko kilomita kadhaa kutoka ukingoni.

Kwenye mchoro wa nyumba ya kawaida unaopelekwa halmashauri utaona vyumba, choo, chemba, karo na umbali kutoka mpakani. Kanuni za mipangomiji zinaweka pia kikomo cha sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kujengwa. Lakini kikomo hicho huhesabu jengo. Mwenye nyumba akishapata kibali anaweza kusakafia ua wote mpaka ukutani, na kwa upande wa maji kiwanja chake kimekuwa paa moja kubwa. Miradi mikubwa hupimwa kwa undani zaidi kupitia tathmini ya mazingira, ila kila tathmini hutazama mradi mmoja. Maghala kumi yakiidhinishwa moja moja kwenye kilima kimoja, kila moja linaweza kuonekana halina madhara makubwa, na jumla yake ikauzamisha mtaa.

Mtaro unahamisha, hautatui

Majibu ya kawaida ya mafuriko mijini ni kujenga mtaro mkubwa zaidi. Mradi wa uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, DMDP, ulioanza mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300, ulijenga barabara na mitaro katika manispaa za jiji. Mto Ng'ombe, unaopita maeneo kama Tandale na Kigogo, ulinyooshwa na kujengewa kingo za zege. Kwa waliokuwa wakiogelea ndani ya nyumba zao kila masika, kazi hiyo imekuwa nafuu ya kweli.

Lakini Mto Ng'ombe unamwaga maji yake kwenye Mto Msimbazi. Mfereji wa zege una kazi moja, kuyafikisha maji chini haraka. Huko chini liko bonde la Jangwani, ambako Barabara ya Morogoro imefungwa mara nyingi kwa maji kujaa, na ambako karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa bondeni imefurika zaidi ya mara moja. Juu ya hayo kuna mchanga. Viwanja vinavyochongwa vilimani bila kinga hutoa udongo kila mvua inaponyesha, udongo huo unatua Jangwani pale maji yanapopunguza mwendo, na kina cha mto kinapanda. Ndiyo sababu mashine za kuzoa mchanga zimekuwa zikirudi pale mwaka hadi mwaka.

Sasa upo mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 mwaka 2022, wenye daraja jipya la Jangwani, uhamishaji na fidia kwa wakazi wa bondeni, na mpango wa kulirudishia bonde nafasi yake ya kufurika. Huu ni mwelekeo sahihi kuliko wa kuubana mto. Ila hata daraja hilo limebuniwa kwa wingi fulani wa maji, na wingi huo utazidi kupanda iwapo viwanja vya juu havina masharti.

Mto haupandi kwa maji peke yake. Aprili 29, 2024, huko Mai Mahiu nchini Kenya, takataka na matope viliziba kalavati chini ya tuta la reli. Tuta likageuka bwawa, kisha likapasuka, na zaidi ya watu 40 wakafa. Hilo ni onyo kwa kila anayejenga tuta, barabara ya ndani au ukuta mrefu unaokatiza mkondo mkavu. Kalavati likipimwa kwa maji safi tu, bila kufikiria magogo na mifuko ya plastiki, limepimwa nusu.

Wengine wanadai nini

Singapore ilipata somo Juni 2010, barabara yake maarufu ya maduka, Orchard Road, ilipofurika. Tangu Januari 2014, kila mradi mpya au wa ukarabati mkubwa kwenye ardhi ya hekta 0.2 na kuendelea unatakiwa kuyapunguza kasi maji yake ndani ya kiwanja kabla hayajaingia kwenye mtaro wa umma. Mamlaka ya maji haiamui utumie mbinu gani. Inatoa kiwango cha juu cha mtiririko, na mbunifu anachagua tangi chini ya maegesho, bustani iliyo bondeni au paa lenye udongo na majani. Wakaguzi wanapima matokeo.

Wales ilikwenda mbali zaidi. Tangu Januari 7, 2019, ujenzi wa zaidi ya nyumba moja, au wa eneo la mita za mraba 100 na kuendelea wenye athari kwa maji ya mvua, hauanzi mpaka chombo maalumu cha halmashauri kiidhinishe mfumo wa maji ya mvua. Chombo hicho hutoa idhini yake kando ya kibali cha mipango, na mfumo unaohudumia nyumba zaidi ya moja ukijengwa kwa viwango, chenyewe huupokea na kuutunza. England ina kifungu hichohicho, katika sheria ya mwaka 2010 inayozihusu nchi zote mbili, ila haikukianzisha kama Wales. Tofauti ya nchi hizi mbili haikuwa kwenye maandishi ya sheria. Ilikuwa kwenye uamuzi wa kukianzisha kifungu kinachomtaja atakayetunza.

Marekani ilijikita kwanza kwenye uchafu. Marekebisho ya mwaka 1987 ya sheria yake ya maji safi yalizaa vibali vya maji ya mvua kwa maeneo ya ujenzi. Vilianza na yale ya ekari 5 na kuendelea, kisha kuanzia mwaka 2003 vikafika yale ya ekari 1. Mkandarasi anaandika mpango kabla ya kuanza kazi: udongo utazuiwaje, malori yatasafishwa wapi matairi, saruji itaoshewa wapi, nani atakagua baada ya mvua. Kazi ikiendelea bila mpango huo, inaweza kusimamishwa na faini kufuata.

Ujerumani inatumia mfuko. Katika miji mingi, ada ya maji ya mvua hutozwa mbali na ya majitaka, na hupimwa kwa mita za mraba zilizofunikwa kiwanjani. Anayeng'oa zege na kupanda majani, au anayeyazamisha maji yake palepale, hulipa kidogo. Sharti linamhusu anayejenga leo; ada inamfikia pia aliyejenga miaka 30 iliyopita.

China inatufundisha unyenyekevu. Baada ya mafuriko ya Beijing ya Julai 2012 yaliyoua watu 79, ilianzisha mpango wa miji inayofyonza maji, na kuanzia mwaka 2015 miji ya majaribio ikatengeneza bustani, mabwawa na njia zinazopitisha maji. Julai 20, 2021, Zhengzhou, mji uliokuwa umewekeza katika mpango huo, ulipigwa na milimita 201.9 za mvua ndani ya saa moja. Hakuna bustani inayohimili hayo. Funzo lake ni kwamba kila mfumo una kikomo, kwa hiyo kanuni nzuri huuliza pia maji yatapita wapi kikomo kikivukwa.

Masharti yanayotufaa

Kuchukua kanuni za Singapore na kuzibandika Temeke au Kisauni kungezaa makaratasi matupu. Sharti linalofaa linapaswa kupanda kwa ngazi kulingana na ukubwa wa kazi.

Kwa nyumba ya familia moja, masharti yawe machache na yaonekane kwa macho. Paa liwe na gata. Maji ya gata yaingie kwenye tangi, na yanayozidi yaende kwenye shimo la kunyonya maji lililojazwa mawe. Sehemu fulani ya kiwanja ibaki wazi kwa udongo, na sehemu hiyo ihesabiwe kwa kila kinachozuia maji, sakafu ya ua ikiwemo. Maji ya mvua yasiingizwe kwenye karo la choo. Hili la mwisho si dogo: mijini kwetu nyumba nyingi hutegemea vyoo vya mashimo na makaro, na karo linalopokea maji ya bati hufurika na kusambaza kinyesi mtaani. Kipindupindu hakihitaji mwaliko mwingine.

Kwa majengo ya ghorofa, shule, vituo vya mafuta, maghala na maegesho, idhini iambatane na hesabu: kigawo kabla, kigawo baada, lita kwa sekunde zinazoruhusiwa kutoka, na ujazo wa tangi au bwawa la kuzishikilia zinazozidi. Mhandisi aliyesajiliwa aweke mhuri na ukaguzi urudiwe kabla jengo halijaanza kutumika. Kwa wanaogawa mashamba kuwa viwanja, sharti liwe kali kuliko yote, kwa sababu wao ndio wanaoamua njia ya maji ya mtaa mzima. Mchoro wa upimaji uoneshe mikondo mikavu, na mikondo hiyo isiuzwe. Wananchi wengi wamenunua kiwanja halali, chenye hati, kumbe ni njia ya maji ya kila mvua kubwa. Maji hayasahau mkondo wake, hati iwe imeandikwa nini.

Kuna mambo ya kiufundi ambayo kanuni ikiyasahau inageuka mzaha. La kwanza ni udongo. Shimo la kunyonya hufanya kazi kwenye mchanga wa juu wa pwani, lakini halifai penye mfinyanzi, wala penye maji ya ardhini yaliyo karibu na uso kama sehemu za Mikocheni na Tegeta. Kipimo chake hakihitaji maabara: chimba shimo, lijaze maji mara kadhaa, na upime muda wa kina kushuka. Mchoro bila kipimo hicho usikubaliwe. Shimo hilo pia likae mbali na msingi wa jengo na mbali na kisima.

La pili ni tangi. Tangi la kuvunia maji na tangi la kuzuia mafuriko ni vitu viwili. La kwanza mwenye nyumba anataka lijae. La pili lazima liwe tupu mvua inapoanza. Lililojaa tangu jana haliusaidii mtaa kwa tone moja. Dawa ni kuligawa: sehemu ya chini ya matumizi, na sehemu ya juu yenye tundu dogo, inayojimwaga polepole ndani ya saa chache baada ya mvua. Kujimwaga huko kunahusu pia mbu. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji yaliyotuama karibu na watu. Bwawa linalokauka ndani ya siku mbili au tatu halimpi muda wa kukua, na tangi lenye mfuniko na wavu halimpi nafasi ya kutaga.

La tatu ni kifusi. Mjini kwetu anayejenga mwisho humwaga kifusi ili awe juu ya jirani, na anayefuata humzidi. Barabara nazo huinuliwa kila zinapokarabatiwa, mpaka nyumba za pembeni zinakuwa mabeseni. Idhini itaje kimo cha sakafu na kimo cha ua, na barabara mpya isijengwe bila kuonyesha maji ya nyumba zilizo chini yake yatatokea wapi. Sharti likimbana raia na kuiacha barabara ya umma, litapoteza heshima.

La nne ni kipindi cha ujenzi wenyewe. Kuchonga kilima Februari na kukiacha wazi masika yakiingia ni kuutuma udongo mtoni. Kazi za kuchimba zipangwe kwa kukwepa vuli na masika, marundo ya mchanga yafunikwe, na pawe na kishimo cha kunasa tope kabla maji hayajatoka getini. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kuzibua mtaro uliojaa udongo.

Na lipo la takwimu. Sehemu ya mbinu zinazotumika kukadiria mvua na mafuriko katika ukanda wetu zinatokana na kazi za maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, TRRL, zilizochapishwa mwaka 1974 na 1976. Zilikuwa kazi bora, na bado zina manufaa. Lakini miji imepanuka mno: sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu milioni 5.38 Dar es Salaam, kutoka milioni 4.36 mwaka 2012. Mamlaka za hali ya hewa zina kumbukumbu za miongo iliyofuata, na bahari inayopata joto inabadilisha mvua zetu. Halmashauri haziwezi kudai hesabu sahihi bila kumpa mhandisi jedwali jipya la ukali wa mvua kwa kila mji, lililo wazi kwa umma na bila malipo.

Pingamizi tatu

Wapo watakaosema masharti haya yatapandisha gharama ya nyumba. Yatapandisha, ila si kwa kiasi kinachodhaniwa, yakipangwa tangu mchoro wa kwanza. Kuacha theluthi ya ua bila pevingi kunapunguza gharama. Gharama ya kutofanya haipotei pia. Inahamia kwa wa chini, katika godoro lililolowa, duka lililofungwa wiki nzima na mtoto aliyekosa shule.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Sehemu kubwa ya miji yetu imejengwa bila kupimwa, na anayejenga bila kibali hatafikiwa na sharti la kibali. Ni kweli. Ndiyo maana ngazi ya kwanza inapaswa kuwa rahisi kiasi cha kusimamiwa na serikali ya mtaa, na ndiyo maana zoezi la urasimishaji makazi lingepaswa kutenga njia za maji kabla ya kutoa hati. Ila pia tusijifiche nyuma ya hoja hii. Paa la ghala moja la kiwanda linaweza kuzidi mapaa ya nyumba 50 za uswahilini, na ghala hilo lina mchoro, mkandarasi na mwenye fedha. Tuanze na wenye mapaa makubwa.

La tatu ni utunzaji. Tangi la chini ya ardhi lisilosafishwa hujaa tope baada ya misimu michache, na shimo la kunyonya huziba. Idhini inayoishia siku ya kukabidhi jengo ni nusu ya idhini. Wajibu wa kutunza uandikwe kwenye masharti ya umiliki ili umfuate kila atakayenunua, na jengo kubwa litoe taarifa ya ukaguzi kila mwaka kabla ya masika.

Nani ashike rungu

Kwa sasa maji yaleyale hubadilisha mwenyewe kila baada ya hatua chache. Yakiwa kiwanjani yanahusu idara ya mipangomiji ya halmashauri. Yakiingia kwenye mtaro wa barabara ya mtaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017. Yakivuka barabara kuu ni ya wakala wa barabara hizo, TANROADS. Yakifika mtoni ni ya bodi ya bonde. Yakichanganyika na majitaka, mamlaka ya majisafi na majitaka, DAWASA, inaitwa. Takataka zilizoziba kalavati ni za halmashauri tena. Kila chombo kina sheria yake na bajeti yake, na mafuriko hupita katikati ya mipaka yao.

Si lazima kuunda chombo kingine chenye magari na mabango. Inatosha halmashauri ipewe sauti ya mwisho juu ya maji ya mvua yanayotoka viwanjani, chini ya mpango mmoja wa bonde unaotaja kila kilima kinaruhusiwa kushusha lita ngapi. TARURA na bodi ya bonde watoe uwezo wa mitaro na mito yao, halmashauri igawe uwezo huo kwa viwanja, na idhini ya mazingira ya NEMC isimame juu ya namba hizohizo. Ada ya mita za mraba zilizofunikwa, ianzie kwa majengo ya biashara, ingelipia wakaguzi na kuzibua mitaro, ili utunzaji usisubiri mkopo unaofuata.

Hukumu ya uchambuzi huu ni fupi. Mita 60 zinamlinda mtu dhidi ya mto, lakini haziulindi mto dhidi ya mji. Mtaro unamwokoa wa katikati na kumzamisha wa mwisho. Sharti linalokosekana ni lile la kumwambia kila mwenye kiwanja kikubwa kwamba maji ya ziada aliyoyatengeneza ni mali yake mpaka yatakapotoka kwa kasi ambayo ardhi ilikuwa ikiyatoa. Madiwani wanaotunga sheria ndogo wanaweza kuanza na hilo kabla ya masika yajayo: kipengele kimoja kwenye fomu ya kibali, kinachouliza lita ngapi kwa sekunde kabla na lita ngapi baada. Asiye na jibu asipewe kibali.